Kamera ya mfukoni au lenzi nzito? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wanaonipigia simu au kunifuata studio kabla ya safari: anayekwenda Serengeti kwa mara ya kwanza, anayejiandaa kupanda Kilimanjaro, anayerudi Unguja kusalimia ndugu baada ya miaka mingi Maskati au Toronto, na kijana anayetaka kuanza kazi ya harusi. Napiga picha kwa kazi, makazi yangu ni Tanga, na ndani ninavyo vyote viwili: kamera inayoingia mfuko wa shati, na lenzi ambayo mwanangu mdogo huibeba kwa mikono miwili.

Nikitakiwa jibu la haraka husema hivi: mambo mawili hayana ujanja, umbali na giza. Kama picha unazozitaka ziko mbali sana au gizani sana, jiandae kubeba uzito. Kama haziko huko, usijitese.

Kamera ya mfukoni ni ipi hasa, na hizo nyingine ni zipi?

Kamera ya mfukoni lenzi yake imefungwa humo humo, haitoki. Zilizo nzuri ni za makundi mawili. Kuna zenye sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ya inchi moja na lenzi inayovuta, kama Sony RX100 iliyoanza kutoka mwaka 2012. Na kuna zenye sensa kubwa zaidi, ya APS-C, lakini lenzi haivuti: Ricoh GR III yenye gramu 257, au Fujifilm X100VI yenye gramu 521. Upande wa pili ni kamera za kubadilisha lenzi. Huko utakuta lenzi za kuvuta, ambazo wengi wetu tunaziita zumu, na praimu, yaani lenzi ya umbali mmoja. Ukiwa na praimu na unataka kitu kikaribie, unasogea wewe kwa miguu yako.

Hilo jina la "inchi moja" lisikudanganye. Sensa yenyewe ni milimita 13.2 kwa 8.8. Sensa kamili, iliyo sawa na fremu moja ya ile mikanda ya filamu ya zamani, ni milimita 36 kwa 24. Piga hesabu ya eneo utaona moja inaingia kwenye nyingine zaidi ya mara 7. Chengachenga unazoziona kwenye picha za usiku zinaanzia hapo.

Kwa nini lenzi nzuri ziwe nzito hivyo? Hawawezi kuzipunguza?

Wanaweza kidogo, hawawezi sana. Ile namba ya f unayoiona kwenye lenzi ni umbali wa lenzi, yaani zile milimita zake, uliogawanywa kwa upana wa tundu linalopitisha mwanga; namba ikipungua, mwanga unaongezeka. Chukua lenzi ya milimita 200 yenye f/2.8. Gawanya 200 kwa 2.8, unapata milimita 71. Kioo cha mbele hakiwezi kuwa chembamba kuliko hapo, hata fundi awe nani. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4 inataka milimita 150, upana wa kisahani cha chai. Nyuma ya kioo hicho kuna vioo vingine kadhaa, mota ya fokasi, na chuma cha kuvishikilia vyote visicheze.

Ndiyo maana Canon EF 70-200mm f/2.8 toleo la pili ina gramu 1,490, na 24-70mm f/2.8 toleo la pili ina gramu 805. Ziongeze kwenye Canon 5D Mark IV, gramu 890 ikiwa na betri, utapata kilo 3 na gramu 185. Hapo hujaweka chaja, fleshi wala chupa ya maji. Saa ya kwanza utaona mbona kawaida. Ikifika saa ya tano utaanza kuacha begi ndani ya gari, na picha inayopita nje ya gari itakuwa imekupita.

Lakini si kila lenzi ya kubadilisha ni jiwe. Canon RF 50mm f/1.8 ina gramu 160. Ndugu yake wa f/1.2 ana gramu 950. Umbali ni ule ule; mwanga unaongezeka mara mbili na robo, uzito unaongezeka karibu mara sita. Anayekuambia praimu ni nzito huenda aliishika hiyo ya pili. Mwambie ajaribu ya kwanza.

Simu yangu inapiga vizuri. Kamera ya mfukoni itaniongezea nini?

Inategemea ni ipi. Zile ndogo za zamani zenye sensa ya milimita 6 kwa 4 na ushei, ambazo siku hizi vijana wanazitafuta tena mitumbani, hazitakuongezea kitu kwa upande wa ubora. Simu nzuri ya leo inazishinda. Watu walishaliona hilo: mwaka 2010 kampuni za Kijapani zilisafirisha kamera za lenzi ya kufungwa zaidi ya milioni 100, na mwaka 2023 hazikufika milioni 2.

Zilizobaki zimebaki kwa sababu zina kitu. Kwanza lenzi ya kuvuta kwa kioo badala ya kukata picha. RX100 ya saba inakwenda kuanzia milimita 24 hadi 200, kwa hesabu ya sensa kamili, kwa gramu 302, na simu nyingi ukizivuta mpaka huko uso wa mtu unakuwa kama umechorwa kwa rangi ya maji. Pili, kitufe. Unaishika, unabonyeza, umemaliza. Hakuna ujumbe wa WhatsApp unaoingia katikati ya tabasamu la mtu. Tatu, na kwangu hili ni kubwa: betri ya simu inabaki kwa ajili ya simu.

Kamera imeandikwa 50x. Si ina nguvu kuliko lenzi ya 70-200?

Hiyo "x" haisemi kamera inaona mbali kiasi gani. Inasema tu umbali mrefu kabisa umegawanywa kwa mfupi kabisa. Lenzi ya 70-200 haifiki hata 3x, lakini inaanzia mbali. Uliza namba mbili za milimita, ya kuanzia na ya kuishia, kisha uliza sensa ina ukubwa gani. Nikon P1000 ya mwaka 2018 ni 125x, inafika milimita 3000 kwa hesabu ya sensa kamili, na mwezi ukiwa nusu itakuonyesha mashimo yake vizuri sana. Lakini sensa yake ni ileile ndogo ya kamera za bei rahisi, na yenyewe ina gramu 1,415. Mchana wa jua kali inafaa. Jua likishuka, inachoka mapema.

Tunakwenda Serengeti na familia siku nne. Nibebe nini?

Hapa umbali ndio bwana. Katika sehemu kubwa ya Serengeti, na ndani ya Ngorongoro pia, gari haliruhusiwi kuacha barabara, na wewe huruhusiwi kushuka. Simba akilala mita 50 kutoka barabarani, mita hizo 50 ni zako mpaka mwisho.

Tufanye hesabu. Simba dume ana urefu wa kama mita 2 bila mkia. Kwa mita 50, lenzi ya milimita 70 kwenye sensa kamili inachukua upana wa karibu mita 26. Simba wako anakuwa mstari mdogo wa rangi ya nyasi katikati ya nyasi. Kwa milimita 200 unachukua mita 9, simba anakaa kama sehemu ya tano ya picha. Kwa 400 unachukua mita 4 na nusu, na hapo ndipo unaanza kuona manyoya ya shingo. Kwa 600 unachukua mita 3, na simba anajaza theluthi mbili ya fremu. Hakuna maneno ya dukani yanayoweza kuibadilisha hesabu hii.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia milimita 400. Kama kamera yako ni ya APS-C, zidisha milimita za lenzi kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon: lenzi ya 300 itakupa kama 450 au 480. Lenzi kama Sigma 150-600mm ya daraja la kawaida ina gramu 1,930. Nikon 200-500mm f/5.6 inafika 2,300. Ni nzito, ndiyo, lakini ndani ya gari huzibebi wewe. Unachukua mfuko wa kitambaa mtupu, ukifika Arusha au Karatu unaujaza kilo mbili za maharage, unaulaza juu ya dirisha au kwenye paa lililofunguliwa, na lenzi inakaa juu yake kama mtoto mgongoni. Kisha mwombe dereva azime gari. Injini ikinguruma, hata maharage hayasaidii. Picha zote zitacheza. Siku ya mwisho maharage mpikie mtu.

Kwa familia isiyotaka kununua lenzi kwa ajili ya siku nne, kuna njia mbili nzuri. Moja ni kukodi. Nairobi na Arusha wapo wanaokodisha lenzi ndefu. Nyingine ni kamera ya lenzi ya kufungwa iliyo kubwa kidogo, kama Sony RX10 IV: sensa ya inchi moja, 24 hadi 600, f/2.4 hadi f/4, gramu 1,095. Haiingii mfukoni. Lakini ni kitu kimoja, hakibadilishwi lenzi vumbini, na hata mtoto wa darasa la sita anaweza kukitumia zamu yake ikifika.

Na hata ukiwa na lenzi ya 600, weka kitu kidogo kifuani. Tarangire tembo jike na ndama wake walipita mita nne kutoka dirishani kwangu nikiwa nimeshika lenzi ndefu. Nilichokipata ni jicho na kope. Kope nzuri, ndefu, zenye vumbi jekundu, na picha hiyo naipenda. Lakini ndama aliyekuwa anapita chini ya tumbo la mama yake alipigwa na abiria wa kiti cha nyuma, kwa kamera ya mfukoni.

Ndege ndogo za mbugani zinaruhusu mizigo kiasi gani?

Mara nyingi kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo, na begi liwe laini. Lenzi mbili nzito na kompyuta zinaweza kula nusu ya hapo. Uliza shirika lako kabla hujafunga begi, na lenzi usiikabidhi. Ipande na wewe.

Napanda Kilimanjaro. Nichukue lenzi zangu?

Acha. Hili ni swali ambalo silijibu kwa "inategemea".

Mizigo mikubwa wanabeba wagumu, yaani wapagazi, lakini kamera utaibeba wewe, kwa sababu ndiyo unayoitaka njiani. Usiku wa kilele, wengi wanaopita njia ya Machame au Lemosho huondoka kambi ya Barafu, mita 4,673, karibu na saa sita usiku, na wanapanda gizani mpaka Stella Point, mita 5,756, kisha Uhuru, mita 5,895. Hewa ya huko oksijeni yake ni kama nusu ya ile ya pwani. Kila gramu 100 utaijua kwa jina. Nimeona watu wamepanda na lenzi ya kilo moja na nusu ikalala ndani ya begi kuanzia Barafu mpaka waliporudi Barafu.

Beba kamera ndogo, ikae ndani ya koti, karibu na mwili. Baridi inashusha betri upesi sana: iliyoonyesha nusu jioni inaweza kuzima kabisa alfajiri, kisha ikafufuka ukiipasha joto mkononi. Chukua betri tatu na zote zilale nawe ndani ya mfuko wa kulalia. Kabla ya kununua, ijaribu ukiwa umevaa glavu, maana vitufe vya baadhi ya kamera hizi ni vidogo kama punje ya mtama. Na ukirudi hemani kwenye joto, ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki, umande utue nje ya mfuko badala ya juu ya lenzi.

Na kwa Mji Mkongwe, Lamu, au mitaani kwa jumla?

Hapa nina msimamo, na niliupata kwa aibu.

Mara ya kwanza kupiga picha Jaws Corner, pale Unguja, nilikwenda na 70-200. Wazee walikuwa barazani, kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo, bao linachezwa. Nilisimama upande wa pili wa njia, nikanyanyua lenzi. Mazungumzo yalikatika kama redio iliyozimwa. Mzee mmoja aligeuza uso ukutani na kukaa hivyo mpaka nilipoondoka. Hakusema neno, na hakuhitaji kusema.

Kesho yake nilirudi na kamera ndogo tu. "Shikamooni wazee." Nikakaa, nikanunua kahawa na kashata, nikaangalia bao nusu saa bila kupiga kitu. Kisha nikaomba. Yule yule aliyegeuza uso alinyoosha kofia yake. Picha niliyoipata ni ya mkono wake uko juu ya bao, kete bado ziko kiganjani, anafikiri amwage wapi. Nyuma yake muuza kahawa anacheka. Ilipigwa kwa lenzi ya 28, nikiwa karibu kiasi cha kusikia kete zikigongana. Lenzi ya 200 isingeweza kuipata, maana pale ambapo lenzi ya 200 inatosha kusimama, wewe ni mgeni.

Njia za Mji Mkongwe ni nyembamba. Mara nyingine ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Lamu ni hivyo hivyo, na punda akija na mzigo unatakiwa ubanane na mlango. Unahitaji lenzi pana na mwili mwepesi, 28 au 35. Mwaka 1925 Leica ilipotoka Ujerumani, mtu aliyeibuni, Oskar Barnack, alikuwa na pumu na kubeba kamera kubwa za wakati ule kulimtesa. Kamera ndogo ilizaliwa kwa sababu mtu alitaka kutembea, na mitaani bado hiyo ndiyo kazi yake.

Ila naomba sana: udogo wa kamera usiwe njia ya kuiba picha za watu. Wanawake hasa, na watoto. Omba kwanza. Ukikataliwa, shukuru, endelea.

Forodhani ya Unguja usiku, kamera ndogo inaweza?

Hapa panavutia. Jua likishazama, mwanga unaobaki ni wa taa za meza za wauza vyakula, na moshi wa mishkaki unapita katikati. Kamera ya inchi moja yenye f/1.8 inaonekana kwenye karatasi kuwa inaishinda lenzi ya f/2.8. Lakini sensa yake ni ndogo, kwa hiyo mwanga wote inaoukusanya ni kama theluthi moja ya ule wa sensa kamili yenye f/2.8. Utapiga, utapata, ila kivuli cha uso kitakuwa na chengachenga.

Kamera ya APS-C yenye lenzi ya f/2, kama zile X100, hesabu yake inakaribiana kabisa na sensa kamili yenye 24-70 f/2.8. Gramu 521 dhidi ya karibu kilo 1.7. Unachopoteza ni kuvuta. Mimi Forodhani nakwenda na hiyo, na sijawahi kujuta.

Nataka kuanza kazi ya harusi. Naweza kuanza na kamera ndogo nzuri?

Hapana, mdogo wangu. Sababu ya kwanza si ubora wa picha. Kamera nyingi za mfukoni zina nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa, nikaha imekufa nayo, na nikaha hairudiwi. Tafuta kamera yenye kadi mbili inayoandika kotekote kwa wakati mmoja.

Kisha kuna ukumbi. Taa za rangi, MC anahama hama, maharusi wanaingia wakicheza, na wewe umezuiwa nyuma ya meza za wazazi. Hapo f/2.8 inayovuta inakula mshahara wake. Anza na kamera ya mtumba, lenzi ya 24-70 au hata 17-50 ya APS-C yenye f/2.8, praimu moja ya 50 f/1.8, na fleshi. Ile 70-200 kodi kwanza mpaka kazi zenyewe zikulipie.

Kamera ndogo ina nafasi yake pia. Msikitini wakati wa nikaha, au kanisani wakati wa sala, shata ya kamera kubwa inapiga kelele kama mlango wa gari. Za X100 na Ricoh GR zina shata ya ndani ya lenzi, hutaisikia. Nimepiga picha ya bwana harusi akitia sahihi nikiwa hatua mbili tu, na kadhi hakunyanyua kichwa. Na kwenye shughuli za kina mama peke yao, singo kwa mfano, kama wewe ni mwanamume usitafute kamera ndogo ya kupenyea. Tafuta mpiga picha mwanamke umpe kazi hiyo.

Naishi pwani. Unyevu unaharibu kipi zaidi?

Vyote, kwa namna tofauti.

Lenzi inaota ukungu. Nilikuwa na praimu ya 50 niliyoipenda, nikaihifadhi kwenye mkoba wake wa ngozi, kabatini, kabla ya masika. Nilikuwa na kazi nyingi, sikuigusa mpaka Juni. Nilipoitoa na kuimulika kwa tochi ya simu niliona nyuzi nyeupe zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, nyembamba kama utando wa buibui mchanga. Fundi aliifungua, akaisafisha, lakini ukungu ulikuwa umeshaula mpako wa kioo. Mpaka leo ukiielekeza kwenye taa inatoa weupe kama mtungi wa maziwa. Ngozi ile ndiyo iliyokuwa inashika unyevu. Kosa langu.

Sasa lenzi zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na vifuko vya silika humo ndani, ambavyo navikausha kila baada ya wiki chache. Mchele usiweke: unavuta unyevu kidogo sana, na unaacha unga. Dawa nyingine ni kuzitumia. Lenzi inayotoka nje kila wiki haioti kitu.

Kamera ya mfukoni adui yake ni mchanga na vumbi. Lenzi yake inatoka na kurudi kila ukiiwasha, na ikirudi inavuta hewa ya nje. Vumbi likishafika kwenye sensa huwezi kulisafisha mwenyewe, kwa sababu lenzi haifunguliwi kwenye kamera. Punje moja ya mchanga wa Paje inatosha kuifanya lenzi ikwame nusu nje. Ufukweni iweke kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga, na usiiwashe upepo ukivuma.

Jambo moja linazihusu zote: ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje, Mombasa au Dar, lenzi itajaa umande papo hapo. Usiifute futa. Ukishatoka nje, iache kwanza ndani ya begi lililofungwa robo saa kabla ya kuitoa.

Nikinunua mtumba, niangalie nini?

Nenda Kariakoo ya Dar au Luthuli Avenue ya Nairobi mchana, usiende jioni. Lenzi imulike kwa tochi, mbele na nyuma, tundu likiwa wazi kabisa, utafute nyuzi za ukungu. Zungusha pete ya kuvuta pole pole mwanzo mpaka mwisho. Ukisikia mchanga, rudisha. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/16, uikuze, uone madoa ya sensa. Kwa kamera ya mfukoni hilo la ukuta ni la lazima, na iwashe na kuizima mara kumi usikilize mota ya lenzi. Angalia kama namba ya usajili imekwanguliwa. Imekwanguliwa? Ondoka, huenda mwenyewe anaitafuta.

"Mwanangu, nina miaka 64, mabega yananiuma, lakini napenda picha za ndege. Niache?"

Shikamoo mama. Usiache.

Ndege wa mbali wanataka milimita nyingi, hilo halikwepeki, lakini sensa ndogo kidogo inakusaidia. Kamera za mfumo wa Micro Four Thirds sensa yake ni milimita 17.3 kwa 13, kwa hiyo lenzi ya 300 inaona kama 600. Kamera na lenzi kwa pamoja zinaweza kubaki karibu na kilo moja. Zivae kwa mkanda unaopita begani kwenda nyonga ya upande wa pili, usizining'inize shingoni. Chukua kigoda. Kaa sehemu moja yenye maji, asubuhi, uwaache ndege waje. Wapiga picha wengi wa ndege ninaowaheshimu hawatembei sana.

Nitajuaje kwamba kamera ndogo imenifikisha mwisho?

Picha zako zinajua. Kila picha ya dijitali inaandika ndani yake ilipigwa kwa milimita ngapi na ISO ngapi, yaani kamera ilikuza mwanga kiasi gani. Chukua picha mia mbili za mwisho ulizozipenda wewe mwenyewe, ziangalie moja moja, na karatasi pembeni. Kama nyingi zimepigwa lenzi ikiwa imevutwa mpaka mwisho, na bado umezikata ili kitu kikaribie, unahitaji lenzi ndefu. Kama nyingi ziko ISO 3200 kwenda juu na nyuso zina chengachenga, unahitaji praimu ya f/1.8 au sensa kubwa zaidi.

Dada mmoja wa Tanga alikuja ameshaamua kununua 70-200. Tulikaa tukahesabu picha zake: kati ya mia mbili, mia moja sabini na kitu zilikuwa kati ya 28 na 40. Jikoni, watoto, bibi yake akisuka ukili. Alinunua lenzi ya 35 yenye gramu 200, na hela iliyobaki akachapisha picha za bibi, kubwa, akazitundika ukumbini.